Jina Ulilombebea Mama

Old Korogwe,
Jumamosi, 10 Agosti 2024.

Kwa dada yangu Faudhia,
Chanika, Handeni.

Shikamoo dada.

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji Hussein na wajukuu wote, pamoja na yule mdogo ambaye mwanao Mhina ananiambia siku hizi anapanda juu ya kila kitu kilichomo ndani ya nyumba. Magoti yako yanaendeleaje? Mhina alisema kipindi cha mvua yalikusumbua hata ukawa unasali umekaa kwenye kiti. Mahindi mmeshayaingiza ndani? Sisi huku hatujambo kiasi. Raheli anakusalimu sana. Mto Pangani umerudi mahali pake, na tope lililoingia hadi uani kwetu mwezi wa tano limekauka likawa udongo mzuri. Raheli amepanda mchicha, tunakula mpaka tumechoka. Mimi ni mzima wa mwili. Mengine utayasoma.

Najua umeitazama bahasha mara mbili ukadhani mwandiko ni wangu lakini jina kaandika mtu mwingine. Jina nimeliandika mimi. Kwa miaka thelathini na sita nimekuita Yasinta, jina lako la ubatizo, mbele ya mumeo, mbele ya wanao, hata mbele ya mama mkwe wako siku ile ya maziko ya baba mkwe, na wote wakanyamaza kwa heshima yao. Sikuwa nimesahau jina lako. Nilikuwa nakupiga nalo. Mama alikuita Faudhia tangu wiki ya harusi yako, na nilipomgombeza akaniambia kwamba akiita Faudhia unageuka, na yeye anachotaka ni ugeuke. Nilimwona mama hana msimamo. Leo nakuandikia kwa jina unalogeukia, nikiomba ugeuke.

Sikupigi simu kwa sababu hupokei, na sikulaumu. Tena hata ungepokea ningeharibu. Unanijua: nikishika simu nageuka wakili, na mtu akinyamaza upande wa pili nadhani nimeshinda kesi. Kwa hiyo nimempa Mhina barua hii, amekuja sokoni na mahindi yake. Nimemwomba akukabidhi mkononi na asisimame kungoja jibu. Ombi langu ni moja tu kabla sijaendelea. Kuna mahali humu ndani utatamani kuichana. Ukifika hapo iweke chini, unywe maji, kisha uimalize.

Habari ya kwanza ni ya msalaba. Tumekubaliana na kanisa kwamba msalaba wa mama utawekwa kule Kwashemshi Jumamosi ya tarehe 31 mwezi huu, saa nne asubuhi. Fundi ni Deogratius wa Mombo. Ameutengeneza wa zege, na nondo ndani, mzito wa kubebwa na watu wanne. Ameandika jina la mama na miaka yake, na chini ameacha nafasi ya mstari mmoja. Aliponiuliza aandike nini hapo alicheka, akasema kwa mtu kama mimi shida itakuwa kuchagua, maana majina ya Mungu ninayoyajua hayaenei kwenye ukuta wa kanisa, sembuse kwenye msalaba mmoja. Nikamwambia nitamletea kesho. Hiyo kesho imefika wiki ya tatu. Juzi alinipigia akauliza kama nimehama nchi.

Ni kweli, dada, hayo majina ndiyo yaliyonifanya niwe mtu. Watu hawakunijua kwa kilimo wala kwa biashara. Walinijua kwa vijitabu vyangu vinane na kwa kusimama juu ya magari ya vipaza sauti kuanzia Segera mpaka Mkata, nikiwaeleza kwamba Elohimu ndiye mwenye nguvu zote, kwamba El Shadai ndiye anayetosha hata pale ghala linapokuwa tupu, kwamba Yahwe Yire ni jina alilolitaja Abrahamu kisu kikiwa kimeshashuka mkononi na mwanawe bado yu hai. Yahwe Rafa, aponyaye. Yahwe Shalomu, ambalo Gideoni aliipa madhabahu naye bado anatetemeka. Nimewachapa kwa maneno wachungaji wanaoyabandika majina hayo kwenye chupa za maji na kuyauza kama dawa ya kikohozi, na hao siwaachii hata leo. Nimeyatetea majina hayo dhidi ya mashehe, dhidi ya maaskofu, dhidi ya walimu wangu mwenyewe. Na sasa nakaa mezani na penseli, mbele yangu kikaratasi cha mstari mmoja wa kaburi la mama yangu, na mkono haushuki.

Sababu unaijua wewe kuliko mtu yeyote aliye hai. Lakini acha niieleze yote kwa mkono wangu, uone kwamba naijua, usije ukanitafutia udhuru wa ujinga.

Mama alituhadithia sote wawili. Alipoolewa na kuletwa kwenye kambi ya wafanyakazi wa mkonge alipewa kazi ya kuanika singa, zile nyuzi zake. Wanawake walisimama wawiliwawili kwenye kila waya, singa mbichi zinatoka korona, ile mashine ya kusaga majani ya mkonge, zikichuruzika maji ya kijani, na wao wanazitundika kuanzia asubuhi. Mwaka wake wa kwanza mkanda wa korona ulimkamata mwanamke aliyekuwa ametoka huko Kigoma peke yake, akafa palepale. Hapakuwa na mtu wa kwao. Wanawake walipomzunguka hakuna aliyejua kama alikuwa wa msikitini au wa kanisani, wala alimwita Mungu kwa neno gani alipokuwa na shida. Mnyapara akawaambia waombe upesi, singa zinaoza kwenye rundo. Wakaomba kila mtu kivyake, wakamzika, na mama akasema jambo lililomchoma halikuwa damu. Lililomchoma ni kwamba walimpeleka mwenzao mbele ya Mungu kama mzigo usioandikwa jina la mwenyewe.

Kesho yake ndipo walipoanza. Asubuhi, kabla ya kutundika singa ya kwanza, kila mwanamke alimwambia mwenzake wa waya mmoja lile jina analomwitia Mungu akiwa hakuna anayemsikia. Waliliita jina la waya. Mwenzako analibeba. Siku yako ikifika, yeye anakuja kukaa kichwani pako na kukusemea sikioni, ili uende ukiwa unajulikana. Hawakuulizana dini. Hulisemi nyumbani, hata kwa mumeo. Na kama umefia mbali, hospitali ya Tanga au kwingine, mwenzako anakusemea kaburini kabla alama haijawekwa, kwa sababu alama ikishasimama mtu anahesabiwa amefika.

Unakumbuka jinsi mama alivyokuwa akiwataja waliotangulia kabla ya kupakua ugali? Akishasemewa mtu, jina lake halikuwa siri tena. Imana wa Veronika. Chapanga wa Sesilia. Mulungu wa bibi Zaina. Na lile ambalo sisi watoto tulilipenda, la yule mama wa Songea aliyekuwa na watoto tisa: Yule Aamkaye Kabla Yangu. Ugali ulikuwa unapoa nasi tunalingoja hilo moja, halafu wewe ulikuwa unanifinya nisicheke. Lake mwenyewe mama hakulitaja hata mara moja.

Ulipomaliza darasa la saba ukaenda wayani ili mimi niendelee na shule. Mwenzake mama wa zamani alikuwa ameshafariki, basi ukasimama wewe mahali pake, na asubuhi ya kwanza mama akakuambia jina lake. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Nilikufuata mpaka kisimani nikikuuliza mama kakuambia nini, ukanijibu niende nikaanike singa nitaambiwa. Nilikasirika siku nzima. Nadhani sijaacha kukasirika tangu siku hiyo.

Unajua pia nilivyorudi kutoka chuo cha Biblia. Nilirudi na lugha ya Kiebrania ya miezi sita na kiburi cha miaka sitini. Kijitabu changu cha tatu kilikuwa juu ya ibada za kambini, na humo niliandika kwamba wanawake wasiojua kusoma walijitungia miungu kwenye nyaya za mkonge, mmoja kwa kila kabila. Kisha Jumapili moja nikahubiri hayohayo pale Kwashemshi, mama akiwa kiti cha mbele kama mwenyekiti wa umoja wa wanawake. Sikumtaja. Sikuhitaji kumtaja, kanisa zima lilikuwa limeshasikia majina yale nje ya jiko lake. Wiki iliyofuata wazee wa kanisa wakamwomba apumzike uenyekiti. Watu walipotoka ibadani siku ile nilimsubiri mlangoni, nimejiandaa kwa ubishi, hoja nimezipanga. Mama alikaza kanga yake, akaniuliza kama nimekula. Tangu hapo akawa anawataja wenzake jikoni kwa sauti ya chini, mlango umerudishwa, kama mtu anayeficha mgonjwa.

Haya yote unayajua. Sasa nikupe usiyoyajua.

Mwezi uliopita tulikuwa na muhadhara Mombo. Nilikuwa nazungumza juu ya Hajiri, habari niliyoihubiri nadhani mara arobaini. Mtumwa, tena ana mimba, amemkimbia tajiri wake, ameketi peke yake kwenye chemchemi jangwani. Malaika anamkuta hapo, na yeye anamwita Mungu El Roi, yaani Mungu anionaye. Huwa nalitaja jina hilo kwa sauti kubwa, kisha naeleza mzizi wake, kisha natupa swali kwa wapinzani. Siku hiyo nilipolitaja nikaona mbele kabisa, kwenye jua, bibi mmoja ameshikwa mkono na binti yake. Alikuwa Amne. Ndiyo, Amne wa waya wa tatu, yu hai, haoni tena vizuri. Alikuwa ameinamisha kichwa kama mtu anayesikiliza habari za jirani yake wa zamani.

Nikaendelea, lakini maneno yalikuwa yanatoka huku kichwa changu kiko kwingine. Maana niliona kitu ambacho mtoto angekiona. Hakuna mtu katika Maandiko yote aliyempa Mungu jina kabla ya yule mwanamke. Si nabii, si kuhani, hakusoma chuo chochote. Mtumishi wa watu, wa kabila la kigeni, mgongo unamuuma, akamtazama Mungu akamwita kulingana na alivyomwona. Na Mungu hakumsahihisha. Nikafuata majina mengine nikaona yote yametoka hukohuko: kwa baba aliyekaribia kumchinja mwanawe, kwa mtu aliyejificha shinikizoni anapura ngano kwa hofu, kwa watu wenye kiu waliokuta maji machungu. Kila jina lilikuwa jeraha la mtu fulani lililopata jibu. Hata Bwana wetu alipofundisha kuomba hakuanza na El Shadai. Alianza na Baba, neno la nyumbani, la mkekani. Mimi nimeyachukua majina hayo nikayashona sare, nikaanza kukagua nani kavaa na nani hakuvaa.

Niliposhuka kwenye gari Amne alinikabili. Aliniambia kwa Kizigua kwamba mwana wa Evodia ana sauti kubwa, kisha akauliza kwa Kiswahili nani alimsemea mama yangu. Nikaanza kumweleza juu ya tumaini la Mkristo. Akainua mkono akasema hakuniuliza dini, dini yangu wameisikia mpaka ng'ambo ya reli. Anauliza nani alimsemea Evodia. Nikajibu hakuna. Ndipo akasema, taratibu, bila kunilaumu, kwamba basi Evodia bado yuko njiani, na miguu yake ilivyokuwa mibovu.

Nilimwuliza kama yeye analijua jina hilo. Akanishangaa. Yeye alikuwa waya wa tatu, atalijuaje, alikuwa na la Veronika na ameshalisema. La Evodia analo binti yake. Kisha akauliza kama msalaba umeshasimama, nikasema bado, akasema basi nina bahati kuliko akili.

Sikurudi kwenye gari. Ustadhi niliyekuwa nikibishana naye, yule wa Handeni ambaye kwa miaka saba nimemwita majina ambayo siyarudii hapa, alichukua kipaza sauti akawatangazia watu kwamba Mwinjilisti Yordani amepata udhuru wa kifamilia, wamwombee, wa pande zote mbili. Hakuongeza hata neno moja la ushindi. Mimi nisingefanya hivyo.

Sasa, dada, nimefika mahali niliposema uweke barua chini unywe maji.

Siku ya maziko uliniuliza, mbele ya Mchungaji Godlisten, kama mama alisema lolote mwishoni. Nilikujibu kwamba alikata roho ghafla Alhamisi, hakuzungumza na mtu. Nilisema uongo. Mama alianguka Jumatatu asubuhi. Alikuwa hapa kwangu, kitanda cha chumba cha mbele, akili yake imetulia kabisa, akajua kwamba hainuki tena. Jambo la kwanza aliloniambia ni niite Faudhia. Hakusema Yasinta ili kunifurahisha. Alisema Faudhia, na akasema nikuambie uje, yeye yuko tayari kutundika.

Sikukupigia.

Jumatatu jioni nilimwambia simu yako haipatikani. Jumanne akaniuliza tena, nikamwambia nimekupata, uko njiani. Akataka ageuzwe kitandani aelekee mlango. Raheli alimgeuza, kisha akaniita uani, akaniambia nipige simu au atapiga yeye. Nikamwambia akipiga asinihesabu kuwa mume. Alinitazama akasema nitajibu, mbele ya Mungu huyohuyo ninayemjua kwa majina yote. Usimlaumu Raheli. Tangu siku hiyo ananipikia na kuniamkia na hanisemeshi zaidi ya lililo lazima.

Jumatano mama aliuliza kwa nini safari ya Handeni inakuchukua siku mbili. Nikamwambia mvua imekata barabara. Akauliza hata ile ya lami, nikasema hata ile ya lami. Alinitazama kwa muda, dada, kwa macho yale aliyokuwa akinitazama nayo nilipokuwa mdogo nikisema nimeshaoga. Kisha akasema basi maji yatapungua. Akaendelea kuutazama mlango. Kila mtu alipopita uani akiburuza ndala alijaribu kuinua kichwa, maana wewe unaburuza.

Alhamisi kwenye saa nne asubuhi pumzi ikawa fupi. Aliniambia nikae karibu. Nikadhani sasa amenichagua mimi. Akaniomba basi nimwambie yale ninayoyajua. Nikapiga magoti nikamtajia yote, moja baada ya moja, na maana zake, taratibu, na sijawahi kuyataja vizuri namna ile kwenye muhadhara wowote. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniambia kwamba ni mazuri sana, mwanangu, na kila moja ni la mtu aliyekuwa na shida yake. La mama yako hulijui. Hakusema kwa hasira. Alinipapasa kichwa alipokuwa akisema. Akageuka tena mlangoni. Saa tano Raheli alipoingia na uji, mama alikuwa ameshaondoka, macho yakiwa palepale.

Sababu yangu naitaja bila kuipamba. Mwezi uliofuata tulikuwa na muhadhara Handeni. Niliwaza kwamba ukija wewe na ushungi wako, ukakaa kichwani pa mama, ukainama sikioni kwake na kumtamkia jina la Mungu nisilolijua, habari itafika Handeni kabla yako: mama yake Yordani kasilimishwa kitandani, tena ndani ya nyumba ya Yordani. Niliiona hiyo habari ikisomwa kwenye kipaza sauti. Niliwasikia watu wakicheka. Kwa ajili ya kicheko ambacho hakijachekwa nikamwacha mama yangu autazame mlango siku tatu. Nilikuwa nalinda jina, dada, na halikuwa la Mungu.

Na kuna la pili. Siku ya maziko uliniomba dakika moja na mama, peke yako, kabla jeneza halijainuliwa. Nilikuambia kwaya inangoja. Nilijua ulichokuwa unaomba. Uliweka vidole viwili juu ya ubao, ukaviondoa, ukasimama na wanawake mpaka mwisho, ukapanda basi bila kula. Nilimwambia Mchungaji kwamba umesusa chakula chetu kwa sababu ya dini.

Sina hoja ya kutetea haya. Nimetafuta, na mimi huwa sikosi hoja.

Ninachokuomba si msamaha, huo utautoa siku ukiweza au usiutoe. Ninakuomba uje Kwashemshi tarehe 31 umsemee mama. Nimemwambia Deogratius ile nafasi aiache wazi, zege tupu, asiandike kitu. Hakuna jina ninalolijua mimi linalostahili kukaa pale. Wala sikuombi uniambie la mama. Siku hiyo watu watasimama nyuma, kule juu barabarani, na mimi nitashuka mpaka kwenye migomba ya jirani, mbali, nisisikie. Si langu. Nilikataa kulibeba nilipokuwa nalidhihaki, na sasa sitaki kulipata kwa mlango wa nyuma.

Raheli atapika wali na kuku. Kuku hao namwomba shemeji Hussein aje awachinje yeye, kwa kisu chake na kwa bismillahi yake. Ndiyo, mimi ndiye niliyeandika kurasa kumi na sita juu ya kuchinja na kuzisambaza mpaka Lutindi. Mwambie acheke kwanza, akimaliza kucheka aje. Njooni na Mhina, na wajukuu, na Bibi Amne tutampitia sisi.

Wasalimie wote hapo nyumbani, mmoja mmoja, na jirani yako yule mwenye mbuzi aliyetukaribisha chai mwaka ule. Raheli anasema atakuwekea mchicha mbichi uondoke nao. Mungu akulinde njiani, kwa jina lolote unalomwitia.

Ikifika saa nne nisikuone, sitamlaumu mtu. Nitawaomba radhi watu nao warudi makwao, na msalaba utalazwa kwenye nyasi pembeni ya kaburi. Utalala hapo mwaka huu na mwaka ujao, na mchungaji aseme atakavyosema, mpaka siku utakayokuja. Na ukija, chukua muda wako. Mama alikungoja siku tatu, sisi hatutashindwa. Ukimaliza inua mkono tu. Nikiuona kutoka kule kwenye migomba, nitawaambia wale wanne wausimamishe.

Ni mimi mdogo wako,
Yordani.